Mantra ya tango, niliyoisoma pembeni ya mashine ya baba

Mimi ni Mhindu wa Tanga. Nalisema hilo mwanzo kabisa manake nikiandika Kiswahili watu huuliza nimejifunzia wapi, sijajifunza popote, nimezaliwa nacho, baba yangu kazaliwa Ngamiani, duka letu la vitambaa lipo huko huko kwenye zile barabara za namba, na bibi yangu alikuwa anapatana bei ya samaki na wachuuzi kwa niaba ya jirani (sisi nyumbani hatuli samaki), anatukaripia kwa Kigujarati na anamuomba Mungu kwa Kisanskriti. Leo nataka kuandika kuhusu hicho Kisanskriti. Ni ubeti mmoja tu, mantra inaitwa Mahamrityunjaya, maana yake yule mkuu anayeyashinda mauti, nimeisoma miezi kumi na tisa nikiwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mashine ya kusafisha damu ya baba yangu, na nilikuwa naisoma kwa sababu moja, baba asife. Baba alikufa. Na mpaka leo naisoma kila siku, ndo hapo watu wananiuliza sasa ya nini tena, na jibu ni refu kidogo.

Maneno yenyewe haya: Om tryambakam yajamahe, sugandhim pushtivardhanam, urvarukamiva bandhanan, mrityor mukshiya maamritat.

Imo kwenye Rigveda, moja ya Veda, yale maneno yetu matakatifu ya kale, kitabu cha 7, wimbo wa 59, ubeti wa 12, na hicho kitabu cha 7 chote wazee wanakirudisha kwa rishi Vasishtha na ukoo wake, rishi ni kama kusema mjuzi wa kale aliyefunuliwa. Zamani haikuandikwa, ilitoka mdomoni ikaingia sikioni, mwanafunzi anakaa mbele ya mwalimu anahifadhi neno kwa neno pamoja na pale sauti inapopanda na inaposhuka, vile vile watoto wa chuoni wanavyohifadhi juzuu zao, na India mpaka leo wapo wanaohifadhi Veda kwa njia hiyo, UNESCO waliitangaza mwaka 2003 kuwa ni urithi wa binadamu wote. Ni mistari minne mifupi, silabi nane nane hivi, ukitulia unaimaliza yote kwa pumzi moja. Kwa Kiswahili changu mie naieleza hivi: tunamwabudu mwenye macho matatu, mwenye kunukia, anayetuzidishia siha, na kama tango linavyofunguka kwenye kikonyo chake nami nifunguliwe kwenye mauti, nisifunguliwe kwenye kutokufa. Mwenye macho matatu ni mungu Shiva.

Lile tango utotoni sikulisikia kabisa. Nilikuwa nalipita tu. Mimi nilichokuwa nakijua ni hadithi ya Markandeya, bibi alikuwa anatuhadithia umeme ukikatika, tumekaa barazani na joto la Tanga, kwamba kulikuwa na mtu na mkewe hawana mtoto wakamuomba Shiva miaka, Shiva akawaambia chagueni, mtoto mpumbavu mwenye umri mrefu au mtoto mwema mwenye akili atakayekufa akiwa na miaka 16, wakachagua wa pili. Siku ilipofika Yama, mungu wa mauti, akaja na kamba yake, kijana akalikumbatia lingam, lile jiwe la kumuabudia Shiva, huku anasoma, Yama akarusha kitanzi kikamzunguka kijana pamoja na lile lingam, hapo Shiva akatoka mle ndani kwa hasira akampiga Yama, na Markandeya akabaki na miaka 16 milele. Tulikuwa tunashangilia. Sa mtoto akisikia hadithi kama hiyo anabaki na kitu kimoja kichwani, kwamba kuna maneno ukiyasema kifo kinafukuzika.

Nikabaki nacho mpaka nina miaka 41.

Baba, nyumbani tunamuita Bapuji, alikuwa na sukari ya miaka mingi na presha juu yake, na hivo viwili ndo vinavyomaliza figo za watu wengi bila kelele. Miguu ikaanza kuvimba, viatu havimuingii, akawa anasema ni joto. Aprili 2017 akashindwa kupumua usiku, tukampeleka Dar, vipimo vikatoka, figo zote mbili zimechoka kabisa, kuanzia siku hiyo ni mashine, mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Tukahamia Upanga kwa shangazi. Duka nikamuachia mdogo wangu, mama alikuwa anapika vile vyakula visivyo na chumvi na mimi ndo nikawa wa kumpeleka na kukaa nae, jumatatu, jumatano, ijumaa.

Ambaye hajakaa kwenye chumba cha dayalisisi nimuelezee kidogo. Ni baridi, kiyoyozi hakizimwi, wagonjwa wanajifunika mablanketi ya kutoka nyumbani. Damu unaiona inatoka kwenye mrija inaingia kwenye mashine inarudi, nyekundu kabisa, na mwanzoni huwezi kuiangalia, baadae unaizoea kama unavyozoea feni. Mashine zina kengele, moja ikilia roho za watu wote zinaruka halafu nesi anakuja anabonyeza inanyamaza. Maji ya kunywa unapimiwa, matunda mengi ni mwiko, tikiti maji ambalo Bapuji alikuwa analipenda kuliko hata pipi likawa halisogelei. Na kuna viti vya plastiki kwa ajili yetu sisi tusioumwa.

Wiki za mwanzo nikachukua mala ya bibi, yani shanga zetu za kuhesabia, ile ya rudraksha, mbegu 108 na moja kubwa ya kichwa, nikawa nasoma kila masaa manne yale yote. Kwa kasi. Nilijiwekea hesabu, manake kwetu ukitaka kuifanya kwa ukamilifu kwa ajili ya mgonjwa inasomwa laki moja na robo, yani mara 125,000, na nilikuwa naandika kwenye daftari la duka kama ninavyoandika mauzo. Nilikuwa nafanya biashara na Mungu, nasema ukweli. Mimi nakupa laki na robo, wewe nipe baba.

Na mwili wangu ukaanza kuharibika. Usingizi ukakata kabisa, saa nane usiku niko macho nasikiliza kama baba anapumua chumba cha pili, moyo unaenda mbio hata nikiwa nimekaa, mara mbili nilidhani nakufa mimi kabla yake. Nikapimwa moyo, daktari akaniambia moyo wako mzima mama, wewe una hofu. Nikakasirika, hofu gani wakati nasoma mantra ya kuondoa hofu masaa kumi na mbili kwa wiki.

Ni maharaj mmoja mzee, yani kuhani, wa hekaluni pale Kisutu alienifungua macho. Nilienda kumuuliza kama nimeandika hesabu sawa. Akaniambia nisome nimsikie. Nikasoma, hata mara tano hazijafika akainua mkono.

"Dikri, unasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa." Dikri ni binti kwa Kigujarati.

"Maharaj, nina nyingi za kumaliza."

"Za nani?"

Sikuwa na jibu. Akanirudisha kwenye darasa la kwanza kabisa, nami nina miaka arobaini na moja. Kwanza pumzi, vuta taratibu puani, ile Om itoke tumboni na imaliziwe mdomo umefungwa mpaka usikie pua na mifupa ya uso inavuma, halafu mistari minne yote kwenye pumzi hiyo moja inayotoka, bila kukaza, ikiisha nyamaza, vuta nyingine. Shanga izungushwe kwa dole gumba na kidole cha kati, kidole cha shahada hakigusi kwa sababu ndicho tunachonyooshea watu, ndo kidole cha umimi. Ukifika ile mbegu kubwa huivuki, unageuza unarudi ulikotoka. Akanieleza kwamba kuna kusoma kwa sauti, kuna kusoma kwa kunong'ona midomo ikicheza tu, na kuna kusoma moyoni kimya, na hiyo ya tatu ndo iliyo juu lakini usiikimbilie, anayeikimbilia anajikuta anawaza bei ya unga. Mala moja kwa namna hiyo ilinichukua dakika 20, wakati mie nilikuwa namaliza kwa saba. Nikapiga hesabu, laki na robo kwa mwendo huo ni mala 1,158, masaa zaidi ya 380. Nikafunga daftari.

Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Kilichotokea ni kwamba siku ya nne au ya tano nililala. Nilisoma mala moja kitandani kwa kunong'ona nikashtuka kumekucha, azana ya alfajiri imeshapita, mala imenitoka mkononi iko chini ya mto. Baada ya wiki tatu ule moyo kwenda mbio ukawa unakuja nauona unakuja, narefusha ile mmm ya mwisho wa Om, unapita. Nimeeleza hivi kwa undani kwa sababu wengi wakisikia uponyaji wa mantra wanategemea muujiza wa kurusha magongo, wa kwangu ulikuwa usingizi, na aliyewahi kuukosa usingizi miezi miwili anajua huo nao ni muujiza.

Baadae nikaja kusoma kuwa kuna watu waliopima mambo haya. Mwaka 2001 watafiti wa Italia, kiongozi wao Luciano Bernardi, walichapisha kwenye lile jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, kwamba walichukua watu wazima 23 wenye afya wakawasomesha Ave Maria ya rozari kwa Kilatini na pia mantra, ile ya om mani padme om, na zote mbili zikawashusha pumzi mpaka kama sita kwa dakika, na pumzi ikienda hivo mapigo ya moyo na presha vinaanza kwenda kwa mpangilio mmoja, moyo unakuwa mwepesi kujirekebisha. Pumzi sita kwa dakika ni sekunde kumi kumi. Nilichukua simu nikajipima kwa saa, mantra yangu moja alivyonifundisha maharaj, sekunde kumi na moja. Nililia kidogo pale, sijui kwanini, nafikiri ni kule kujua kwamba wale wazee wasio na mashine yoyote walishapima kwa pua zao. Na kuna watafiti wa Sweden, 2002, waliokuta kwamba mtu akivumisha kwa pua, ile hewa inayoitwa nitriki oksaidi inayotengenezwa kwenye mianya ya uso inatoka mara 15 zaidi kuliko akipumua kimya. Kwa hiyo ile mmm ina kazi yake.

Lakini pale wodini tulishaigundua habari ya rozari kabla sijaisoma. Kitanda cha pili kulikuwa na kijana analetwa na mama yake, mama mtu mzima wa Bagamoyo, mwenye tasbihi ya shanga 99, na ng'ambo yetu mzee wa Kichaga mwenye rozari. Mwanzo kila mtu alikuwa anaficha ya kwake mfukoni kidogo, unajua tena heshima, hutaki kumkera mwenzio. Siku moja yule mama akanigeukia.

"Mwanangu, hiyo yako ina shanga ngapi?"

"Mia na nane, mama."

"Mie tisini na tisa. Umenizidi tisa." Akanyamaza. "Na mnavuta uradi gani?"

Nikamtafsiria. Nilipofika kwenye tango akanirudisha, tango gani tena, nikamwambia kwamba mtu anamuomba Mungu amfungue na kifo kama tango linavyofunguka kwenye kikonyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi sisi mumunye letu linaharibikia ukubwani, nyie tango lenu linatengenea ukubwani." Bapuji akafungua macho, tulidhani kalala, akacheka mpaka mashine ikapiga kengele kwa sababu mkono ulitikisika.

Ndo kwa mara ya kwanza na mimi nikalisikia tango. Yani nimelisema mara elfu na elfu, sikuwahi kujiuliza lifanye nini mle ndani.

Ijumaa iliyofuata Bapuji akaniagiza nimpigie mdogo wangu alete kipande cha bandhani kutoka dukani, ambacho hakijafunguliwa, na kije na basi la usiku. Sisi asili yetu Jamnagar, huko Gujarat, na Jamnagar ni mji wa bandhani, vile vitambaa vya nukta nukta. Vinatengenezwa hivi, fundi anabana kibonyo kidogo cha kitambaa kwa kucha anakizungushia uzi kwa nguvu, anabana kingine, maelfu kwenye sari moja, halafu kinatumbukizwa kwenye rangi na pale penye uzi rangi haiingii. Vingine vinauzwa hivo hivo vimekunjamana na nyuzi zake, ili mnunuzi aone kweli kimefungwa kwa mkono, kinavutwa mbele yake.

Kitambaa kikaja, chekundu, kimekunjamana kama ngozi ya mzee. Bapuji mkono wa kushoto umelala na sindano zake hauruhusiwi kusogea, akashika ncha moja kwa mkono wa kulia.

"Shika huko, vuta."

"Bapuji, tutachafua."

"Vuta, beta." Beta ni mwanangu.

Nikavuta. Aliyewahi kuvuta bandhani anaijua ile sauti, tatatatata kama mahindi ya bisi, nyuzi zinaruka kila upande, zikajaa kwenye blanketi, kwenye nywele zangu, kwenye miguu ya yule mama wa Bagamoyo, na kitambaa kikawa kipana mara tatu na nukta nyeupe zikaonekana zote. Nesi akaja mbio kuuliza kuna nini. Akabaki kasimama anaangalia, akauliza inauzwa bei gani.

Bapuji akaniambia, nayaandika kama nnavyoyakumbuka. Bandhan ni kifungo, neno ni lile lile, bandhanan la kwenye mantra na bandhani la dukani kwetu. Akasema mimi nimeuza vifungo miaka hamsini. Huu uzi hauna ubaya, bila uzi hakuna nukta, hakuna ua, ni kitambaa chekundu tu. Lakini ukiuacha milele hakuna atakayekivaa. Na akanieleza tango, kwetu tunda hilo na jamaa zake tunaita chibhdu, linatambaa chini, halining'inii juu ya mti kwamba litaanguka. Likiwa bichi ukilivuta linakuja na kikonyo na kipande cha mtambao, unaujeruhi mmea mzima. Likiiva halivutwi, kikonyo chenyewe kinaachia, tunda liko pale pale lilipokuwa, halijaenda popote, ila halijafungwa tena. Akasema ndo maana ubeti haukusema nisife. Usome tena. Haukusema. Umesema nisivutwe mbichi.

"Na wewe," akasema, "unanivuta huku na Yama ananivuta kule."

Nilinyamaza muda mrefu. Halafu nikaanza kuokota zile nyuzi.

Kuanzia hapo tukawa tunasoma pamoja, tena sauti ya chini kabisa, na saa ya kuchomwa zile sindano nene mbili ambazo alikuwa anaziogopa mpaka jasho linamtoka, alikuwa anaanza Om nesi akifungua pakiti na sindano inaingia kwenye sugandhim, hashtuki. Manesi wakazoea, mmoja alikuwa anasema mzee anza bwana tuchome. Kreatinini yake, ile taka ya damu wanayopima kujua hali ya figo, haikushuka hata tone kwa mantra, ilishushwa na mashine, na kwenye hilo sitaki mtu anielewe vibaya manake kulikuwa na mmoja, simtaji, alikuja nyumbani Upanga amevaa nguo za zafarani akamwambia baba mashine inavunja nguvu ya mantra, aache wiki tatu, na yeye atakaa na wasomaji wenzake wafanye laki na robo, akataja na pesa, pesa nyingi. Mama alishaanza kuvua bangili. Mgonjwa wa figo zilizokufa akiacha mashine wiki tatu ni kumzika, hana hizo wiki tatu. Bapuji akamjibu kwa upole kunishinda mimi, kwamba Shiva ndiye Vaidyanath, bwana wa waganga, kwanini agombane na mashine. Ila mpaka leo nikikumbuka bangili za mama mkononi mwa yule mtu, kwa dakika ile moja kabla hajazirudisha, damu inanichemka. Kama unasoma hapa na una mgonjwa, soma mantra, vuta uradi, sali rozari, na dawa anywe na kliniki aende.

Alifariki Novemba 2018, siku chache baada ya Diwali, alfajiri, nyumbani kwa shangazi. Jana yake alitoka kwenye mashine vizuri, akala khichdi kidogo, usiku akasema kifua kizito. Tulitaka kumkimbiza hospitali akashika mkono wangu akatikisa kichwa, na mama akaelewa kabla yangu. Tukampa maji ya Ganga, mto wetu mtakatifu, kijiko na jani la mtulasi ulimini kama desturi. Nikaanza kusoma, sio laki, sio hesabu, mala ilikuwa chumba kingine sikwenda kuichukua. Pumzi zake zilikuwa zinapungua na zangu nikazifanya ziende na zake, moja yake moja yangu, na katikati panakuwa parefu, panakuwa parefu zaidi. Nilikuwa kwenye urvarukamiva bandhanan nikavuta pumzi ya kuendelea na yeye hakuvuta. Sikupiga kelele. Mimi ambae mwaka mmoja na nusu nyuma ningelivunja lile jumba. Nikamalizia mstari wa nne peke yangu, halafu mama akamfumba macho.

Watu wanauliza ulijisikiaje, na neno la kusema nimelitafuta sana. Uchungu ulikuwepo wote, haukupungua gramu moja, miezi nilikuwa naingia dukani naona miwani yake kwenye droo natoka nje. Lakini hofu haikuwepo. Vile vitu viwili nilikuwa nadhani ni kitu kimoja maisha yangu yote. Ule usiku wa saa nane, moyo kwenda mbio, kusikiliza ukuta, havijarudi mpaka leo, miaka imepita, na hata mimi mwenyewe nilipoambiwa sukari yangu imeanza kupanda nilitoka kliniki nikapita sokoni nikanunua mboga nikarudi nyumbani kama kawaida, nikameza dawa zangu, jioni nikasoma mala yangu.

Wanaoniuliza waanzeje nawaambia hivi. Huhitaji kuwa Mhindu na siwaambii muwe, kama una uradi wako au sala yako fupi iliyo midomoni tangu utoto hiyo ina mizizi tayari. Kama ni hii unaitaka, tafuta mtu akufundishe kwa mdomo, hata maharaj wa hekaluni ukimuomba kwa adabu, manake maandishi ya simu yanapoteza urefu wa sauti, ile a ya yajamahe ina fupi na ndefu, na maamritat watu wanaikata vibaya, ni maa halafu amritat, sio kwenye kutokufa, ukiunganisha bila kujua unaomba kinyume. Kaa wima, muda ule ule kila siku, mie ni kabla ya jua. Anza na kumi na moja, usianze na 108. Mawazo yatakuja, mengi tu, usipigane nayo, rudi kwenye Om. Na siku ukisoma ukaona hujasikia kitu, kavu kabisa, soma hivo hivo, mimi siku kavu ni nyingi kuliko zile nyingine.

Majivu ya Bapuji tuliyarudisha Tanga, tukakodi boti kutoka Raskazone tukayaweka baharini asubuhi maji yametulia. Ile bandhani nyekundu haikuuzwa, mama hataki kuivaa na hataki iondoke, iko kabatini.

Kila nikishuka Dar kufuata mzigo Kariakoo, nikipata nafasi napitia kule wodini. Yule kijana wa Bagamoyo bado yuko kwenye mashine, anasubiri figo ya dada yake, vipimo vinaendelea. Mzee wa rozari alishatutoka. Mwezi uliopita nimeenda, mama akaniona mlangoni akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake, akanipangusia vumbi kwa kanga. Tukasalimiana, akaniuliza ya nyumbani, ya duka, ya mama. Mwanae kalala, kengele ya mtu fulani ikalia ikanyamaza. Nikatoa mala yangu kwenye pochi nikawa naifungua fungua maana ilikuwa imejisokota na waya za simu.

"Taratibu tu," akasema, huku kidole chake kinasogeza shanga. "Mie nimeshaanza, utanikuta."